Miezi ile mdogo wangu alipokuwa JKT Mafinga

Majina ya JKT, yaani Jeshi la Kujenga Taifa, ya mwaka 2019 yalipotoka mdogo wangu wa kike alikuwa ndo kwanza kamaliza form six, tukafungua listi kwenye simu tukashuka nayo wee mpaka tukalikuta jina lake, kapangiwa Mafinga, kikosi cha jeshi namba 841 KJ. Mama neno la kwanza akasema huyu mtoto baridi itamuua. Mafinga ni kule mbele ya Iringa, kwenye misitu ya misonobari, na mwezi wa sita na wa saba baridi yake mtu wa Dar haijui.

Marehemu baba yeye alipita JKT miaka ya themanini, enzi hizo mujibu wa sheria, ile ya lazima kwa wahitimu, unakaa mwaka mzima, kabla haijasimamishwa 1994 na kurudishwa 2013. Alikuwa anatusimulia sana tukiwa wadogo, anatuimbia na chenja kabisa, zile nyimbo za jeshini, kwahiyo mdogo wangu hakuogopa hata kidogo, alitamani aende hata kesho.

Mi nilikuwa naendesha bajaji ya mtu Tabata, hesabu ya bosi kila jioni, kinachobaki ndo cha nyumbani. Nikachukua ile orodha ya vifaa nikazunguka nayo soko la Karume: bukta ya dakibluu ya mpira kiunoni isiwe na zipu na ifike magotini, tisheti za kijani, raba, shuka mbili bluu bahari, soksi ndefu nyeusi. Sweta hapo sikutaka mchezo, nilipekua mitumba mpaka nikapata moja zito la sufu, muuzaji akashangaa joto lote hili unapeleka wapi kitu hicho. Tukampandisha basi Ubungo, mama akimpa maelekezo dirishani mpaka gari linatoka.

Baada ya hapo kimya. Kambini simu haziruhusiwi, mama kila namba ngeni ikiita anakimbilia yeye.

Julai matokeo yakatoka. Divisheni wani ya pointi nane! Nyumbani vigelegele, majirani wakaja, lakini mwenyewe hayupo, na hatujui kama kule porini ameshapata habari. Na furaha ikaja na kazi, maana dirisha la mkopo wa elimu ya juu lilikuwa wazi, na bila mkopo chuo kwetu kingekuwa hadithi. Ukiwa huna mzazi mmoja unaambatanisha cheti cha kifo, na cheti cha kifo na cha kuzaliwa vyote vihakikiwe kwanza RITA, wakala wa serikali wa vizazi na vifo. Kile cheti cha baba tangu tumzike sikuwahi kukishika. Nilikikunjua pale dukani kwa anayenijazia fomu, nikakaa nacho muda, yule dada wa dukani akaniacha tu hakunisemesha.

Fomu ikajazwa, ada ya maombi elfu thelathini nikalipa, ikaprintiwa. Ila sehemu ya saini ya mwombaji lazima asaini mwombaji mwenyewe, na mwombaji yuko Mafinga anakimbia mchakamchaka. Watu wakanambia saini tu wewe, nani atajua. Nikakataa, baba alitulea hatudanganyi kwenye karatasi, na kichwani nikamwona mdogo wangu siku moja anaitwa ofisini kuulizwa hii saini ya nani. Nikamwomba bosi siku mbili nikapanda basi la alfajiri, Morogoro, Mikumi, mlima Kitonga ile tunapanda barabara inazunguka zunguka, Iringa, mpaka nashuka Mafinga meno yanagongana.

Getini nikajieleza kwa afande wa zamu, nikamwonyesha fomu. Akasoma ukurasa kwa ukurasa, akamtuma mtu. Nikasubiri sana. Halafu namwona binti anakuja mbio, kichwa kipara, midomo imepasuka kwa baridi, kasimama mbele ya afande mguu sawa, macho mbele, wala haniangalii. Kwakweli sikumtambua mpaka aliposema jina lake. Afande akanigeukia akasema mpe habari zako. Nilikuwa nimeprinti na matokeo, nikamwambia mdogo wangu umepata wani ya nane, namba yako hii hapa. Hakutikisika. Machozi yanashuka lakini mikono bado imebana mapajani, ndipo akasema kwa sauti ya kikuruta ile ya kupayuka, afande, naomba ruhusa nimkumbatie kaka yangu! Afande akasema mguu pande, ruhusa, tena fasta. Akanirukia shingoni.

Alisainia juu ya daftari la wageni, viganja vimeota sugu za jembe na fyekeo, akawa anaandika polepole sana asije akatoka nje ya mstari. Akaniuliza mama anakula vizuri, nikamwambia anakula. Akasema sweta limeniokoa kaka, usiku tunalivaa kwa zamu mimi na mwenzangu wa kitanda cha juu. Halafu akaondoka mbio kama alivyokuja.

Niliporudi mwenyekiti wa mtaa akagonga muhuri, mdhamini akasaini, wakili akagonga, nikaipeleka posta itumwe kwa EMS, ile huduma ya haraka, kabla dirisha halijafungwa.

Siku ya kufunga mafunzo nilienda na mama, tukalala gesti Mafinga. Uwanja umejaa wazazi, makuruta wakapita mwendo wa pole, wakapita mwendo wa haraka, wakala kiapo, kikaingia kikundi cha kwata ya kimya kimya, hakuna anayetoa amri ila bunduki zote zinashuka pamoja. Mama kazi yake ikawa kuuliza yuko wapi, maana wote vipara, wote wamevaa sawa, na mimi namwonyesha kombania siyo, kundi lingine kabisa la makuruta. Wakati tunabishana yeye akatupita pale pale mbele, mstari wa pembeni, kidevu juu. Mama akasimama akapiga kigelegele kimoja kirefu, wamama waliokaa karibu yetu wakampokea.

Njiani kurudi hakunyamaza, tulipita Ruaha Mbuyuni watu wananunua vitunguu yeye anaimba chenja, na mbili tatu nilizijua, ni zile za baba. Oktoba majina ya mkopo yakatoka, na la kwake lilikuwemo.