Nilivyoizunguka Hong Kong kwa miguu, na joto lilivyonikamata mlimani

Mi huwa naenda Guangzhou kufuata mzigo, viatu na mikoba, na Hong Kong nilikua naijua kwa kupita airport tu. Sasa mwezi wa saba mwaka jana kiwanda kikanichelewesha, nikaambiwa nisubiri siku kumi, nikaona siwezi kukaa hotelini nahesabu dari, nikapanda treni ya kasi mpaka West Kowloon, stesheni ya Hong Kong, kama saa moja hivi umefika. Kitu kimoja muhimu kwa wenzangu wa biashara, angalia visa yako ya China kabla hujavuka, iwe ya kuingia zaidi ya mara moja, maana ukishavuka kwenda Hong Kong umehesabiwa umetoka China na kurudi ni kuingia upya, na mzigo wako uko kule.

Nililala Chungking Mansions, lile jengo la Nathan Road lenye ghorofa 17, lipo tangu 1961, chini ni maduka ya simu na chapati na watu wa kila nchi, hata Kiswahili utakisikia kwenye foleni ya lifti. Chumba kidogo, ukifungua begi huna pa kukanyaga, ila ukitoka mlangoni mji wote uko miguuni kwako na ndicho nilichokitaka.

Siku ya kwanza niliishika Nathan Road kuelekea kaskazini mpaka Prince Edward, kilomita tatu na nusu hivi, nikapita Yau Ma Tei na Mong Kok, nikaona mtaa wa samaki wa mapambo wametundikwa kwenye mifuko ya plastiki yenye maji, mamia kwa mamia, afu mtaa wa maua. Kuvuka barabara ndo kulinisumbua. Guangzhou magari yanapita kulia, shingo yangu ilishazoea kuangalia kushoto kwanza, huku ni kama kwetu, magari yanapita kushoto, kwahiyo nilikua nachanganya. Kilichonisaidia ni sikio. Kwenye taa za waenda kwa miguu kuna kidude kinagonga, tk… tk… tk… polepole ikiwa nyekundu, ikija kijani kinagonga harakaharaka, wamewawekea wasioona lakini hata mi nilikua nakisubiri ndo navuka. Kwenda kisiwa cha Hong Kong nilipanda kivuko cha Star Ferry, ile inayovusha watu tangu 1888, na huko upande wa Central kuna ngazi za umeme za nje zinapandisha mlima kama mita 800, asubuhi zinashusha watu makazini, kwahiyo ukitaka kupanda subiri ikishafika saa nne.

Chakula sasa. Mi sili nguruwe, na mafuta ya nguruwe huko yanaingia sehemu ambazo hutegemei, hata mikate mitamu na vile vikeki vya yai vingine vinakandwa nayo, kwahiyo kuangalia kwa macho haitoshi, uliza. Nilichopata na bado nakiota ni msikiti wa Wan Chai, ghorofa ya tano kuna kantini, dim sum ya halali, vile vitafunwa vidogo vya kupikwa kwa mvuke. Vinakuja kwenye vikapu vya mianzi vinafuka mvuke, kuna kimoja unga wake mwembamba mpaka unamwona kamba wa pinki ndani, ukiuma anakatika kwa mlio. Mama mmoja meza ya pembeni akanionyesha kwa vitendo, chai ya kwanza hainywewi, unasuuzia kikombe na vijiti kwanza. Barabarani nilikula ile keki ya mapovu ya mayai, ya moto, nje inavunjika ndani laini, kila jioni.

Siku ya nne nikataka mlima, Dragon's Back, yaani mgongo wa joka, kila mtu anasema ni rahisi, kilele hakifiki hata mita 300. Mi mtu wa Tanga, nikajiambia joto nalijua toka nazaliwa. Nikaondoka saa tano asubuhi na chupa moja ya nusu lita, nikiwa na dada mmoja wa Mombasa tuliyekutana gesti. Treni mpaka Shau Kei Wan, basi namba 9, ukashuka To Tei Wan unaanza ngazi, chini ya miti, raha tu. Ukishafika mgongoni miti inaisha. Yaani hakuna kivuli kabisa, bahari kulia na kushoto, nzuri mno, ila jua liko utosini na hewa imejaa unyevu, jasho halikauki linatiririka tu, na kule Tanga saa hizo mtu yuko kibarazani, hapandi mlima. Maji yakaisha. Kichwa kikaanza kugonga, afu nikaacha kutoka jasho, nikaona miguu si yangu.

"Keti, dadangu, keti hapo hapo usitembee," yule dada wa Mombasa akaniambia, akanivuta kwenye kichaka kilichokua na kivuli cha mtu mmoja. Wakapita wazee wawili Wachina, mke na mume, wana miavuli, bibi hakuuliza kitu, akaniwekea kitambaa kilicholowa shingoni akanipa chupa yake nzima ya maji yenye chumvi kidogo. Nikamwambia "m goi", asante ya kwao, ndo neno nililolijua, baadae nikafundishwa mtu akikupa kitu unasema "do je". Natamani ningemwambia hilo. Yule mzee akanionyesha nguzo fupi kando ya njia ina herufi H na namba, akafanya ishara ya simu. Zile nguzo zipo kila mita 500 kwenye njia kubwa, ukipiga 999 ya dharura ukasoma namba wanajua ulipo, sio lazima ujue kueleza. Nilikua nimezipita kama tano bila kuziangalia.

Hatukuhitaji kupiga. Tulikaa karibu saa nzima tukageuza tulikotoka.

Ila nilirudi, siku mbili mbele. Saa moja asubuhi nilikua nshaanza ngazi, lita mbili, pakiti ya ORS, kofia, na usiku wa kuamkia hiyo siku nilikua nimeangalia tahadhari ya joto na mvua ya idara yao ya hali ya hewa, mvua wanazipa rangi, ikisomeka nyekundu au nyeusi mlimani hapaendeki. Mgongoni kulikua na upepo. Nikavuka wote, nikaingia msituni, nikateremka mpaka Big Wave Bay, nikaingiza miguu baharini na viatu vyake. Kurudi mjini nilipanda minibasi nyekundu, na hapo beba hela ya chenji, maana baadhi ya hizo nyekundu hazipokei Octopus, ile kadi ya nauli.