Mwaka wa Mwisho wa Sekondari ni Kuchelewa

Kwa miaka kadhaa nimefundisha wanafunzi wenye ulemavu wanaokaribia kumaliza sekondari, na swali ambalo wazazi huniuliza zaidi ni lile lile: mwanangu akitoka hapa ataenda wapi? Aghalabu huniuliza ikiwa imebaki miezi michache kabla ya mtihani wa mwisho, ilhali jibu lake lilipaswa kuanza kutafutwa miaka miwili au mitatu nyuma.

Kijana asipopata kazi baada ya shule, mwajiri ndiye anayelaumiwa kwanza, wala sisemi hana hatia, lakini tatizo huanza mapema zaidi. Katika shule yenye utaratibu mzuri, msaada humfuata mwanafunzi alipo: asiyeona huandaliwa maandishi ya nukta nundu, kiziwi huwekewa mkalimani wa lugha ya alama, anayeandika polepole huongezewa muda, na yote hayo hupangwa na watu wazima, wakati mwingine bila mwenyewe kuulizwa. Siku anapomaliza shule mambo hugeuka, kwa kuwa sasa ni yeye anayepaswa kujieleza, kuomba na kufuatilia, kazi ambayo hakuna aliyemfundisha. Nilimsindikiza kwenye usaili kijana hodari wa hesabu ambaye hasikii vizuri, naye akaona haya kuomba aandikiwe maswali. Aliitikia kwa kichwa kila alichoulizwa, hata alipoulizwa alizaliwa mwaka gani. Tangu siku hiyo wanafunzi wangu hujizoeza kusema sentensi mbili tu: ninahitaji nini, na nikikipata nitafanya kazi gani vizuri. Jina la ulemavu si lazima litajwe.

Sheria inawaunga mkono wanaoomba. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, unatambua katika Ibara ya 27 haki yao ya kufanya kazi sawa na watu wengine, na unahesabu kunyimwa marekebisho yanayofaa, kama vile kuandikiwa maswali ya usaili, kuwa ni ubaguzi. Ujerumani imekwenda mbali zaidi, kwani mwajiri mwenye nafasi za kazi 20 au zaidi hutakiwa kuwapa watu wenye ulemavu mkubwa asilimia 5 ya nafasi hizo, la sivyo hulipa tozo. Hata hivyo, mimi huvutiwa zaidi na sheria ya Marekani inayotaka mipango ya maisha ya baada ya shule iwe imeandikwa katika mpango wa elimu wa mwanafunzi mwenye ulemavu anapofikisha umri wa miaka 16, kwa sababu nafasi iliyotengwa haimsaidii kijana ambaye hajawahi kukanyaga mahali pa kazi.

Ndiyo maana nashikilia kwamba mwanafunzi aonje kazi halisi, ikiwezekana yenye malipo, akiwa bado shuleni. Mpango wa Project SEARCH, ulioanza mwaka 1996 katika hospitali ya watoto huko Cincinnati, Marekani, umejengwa juu ya wazo hilo: vijana wenye ulemavu wa akili na wa ukuaji hujifunza kazi ndani ya taasisi inayofanya kazi hiyo kila siku, wakiwa na mwalimu karibu.

Nami niliyaona hayo kwa macho yangu tulipompeleka msichana mmoja mwenye ulemavu wa akili kupanga vitabu maktabani. Alipanga bila kosa, lakini toroli likishakuwa tupu alisimama kando yake, wakati mwingine kwa nusu saa, na msimamizi akaanza kusema kwamba ni mvivu. Nilikaa naye asubuhi nzima ndipo nikaelewa kwamba hakuna aliyemwonyesha nini hufuata baada ya kitabu cha mwisho. Tukapiga picha tano za hatua za kazi, ya mwisho ikiwa ya toroli tupu lenye mshale unaoelekea meza ya mapokezi, tukazibandika kwenye mpini wa toroli. Hakusimama tena. Wiki iliyofuata alimwendea msimamizi, bila kutumwa na mtu, akamwomba picha ya sita, ya rafu ya magazeti.