Umetubu sawa, na hela ya watu je?

Siku hizi ukikaa kwenye jumuiya yoyote ya sisi wakatoliki hapa Tanga, iwe Makorora, iwe Chuda, iwe Mabawa, hukosi kusikia mmomonyoko wa maadili. Na likishatajwa tu tunaingia kwenye nguo za mabinti, vigodoro, vijana na nywele zao, saa nzima inaishia hapo, sala ya kufunga, tunatawanyika. Sisemi hayo si mambo, mi mwenyewe mzazi nayaona na yananiuma. Lakini kuna kitu kimoja ambacho mafundisho ya maadili ya Kanisa yamekikomalia miaka na miaka na sisi tumekiacha kabisa, nacho ni kurudisha. Umeiba, umedhulumu, umechafua jina la mtu, umetubu na machozi yamekutoka, sawa kabisa, je umerudisha? Hilo swali hatuulizani tena, na kwa mtazamo wangu hapo ndo tulipoangukia, kabla hata ya hizo sketi.

Chukua Zakayo. Watoto wa utoto mtakatifu, kile chama cha watoto kanisani, wote wanajua habari ya mkuyu, kwamba alikuwa mfupi akapanda juu, basi tunaishia mtini. Ila soma Luka 19 taratibu. Yule bwana alisimama mbele ya watu akasema nusu ya mali yake anawapa maskini na aliyemnyang'anya kitu anamrudishia mara nne, na ni baada ya hayo maneno Yesu akatamka kwamba wokovu umefika nyumba ile. Torati yenyewe kwenye Hesabu 5 ilimtaka mkosaji aungame, arudishe chote na kuongeza sehemu ya tano juu yake. Zakayo akaenda mbali zaidi ya hapo, na hakuna aliyemlazimisha.

Mt. Augustino, mwafrika huyu, askofu wa Hippo ambayo leo iko Algeria, aliwahi kumwandikia ofisa mmoja wa serikali anaitwa Macedonius, akamwambia wazi kwamba mtu akiwa na uwezo wa kurudisha alichochukua na harudishi basi huyo hatubu, anajifanya anatubu. Sasa weka hayo maneno kwenye harambee zetu za ujenzi. Tunajua kabisa fulani hela zake zimetoka wapi, kijiji kizima kinajua, akisimama kuahidi milioni tunapiga vigelegele na anakaa kiti cha mbele, na wale aliowadhulumu wamekaa benchi la nyuma na buku yao ya sadaka mkononi wanamwangalia. Hiyo inaniumiza kuliko nguo fupi yoyote niliyowahi kuiona kanisani. Mathayo 5 inasema ukikumbuka madhabahuni kwamba ndugu yako ana neno juu yako acha sadaka yako pale uende ukapatane naye kwanza, sisi tunamwambia mtu leta tu sadaka hayo mengine utayamaliza huko huko.

Mt. Toma wa Akwino kwenye karne ya 13 alilichambua jambo hili kama mwanasheria. Hakuishia kwa mwizi mwenyewe, akauliza na waliomzunguka je? Akawataja aliyeamuru, aliyeshauri, aliyekubali, aliyesifia, aliyepokea, aliyeshiriki, halafu aliyenyamaza, asiyezuia na asiyetoa taarifa wakati ilikuwa wajibu wake. Hawabebi mzigo sawasawa, anasema wengine wanabanwa siku zote na wengine inategemea na hali ilivyokuwa, lakini wote amewaweka mezani. Ukisoma hiyo orodha halafu ufikirie kikoba kilichovunjika mtaani, mweka hazina kala hela za kina mama, mwenyekiti alijua akakausha, mkaguzi alisaini daftari bila kulifungua, basi unaona tuna watu wengi wanaokomunika kila jumapili na deni liko mfukoni.

Na mishahara. Mkoa wetu huu umejengwa na mkonge, wazee wetu manamba, wale vibarua wa mashamba, walikuwa wanapewa kipande, yaani kadi ya kazi, wanajaza siku 30 za kazi ndo walipwe, na siku ambayo kazi haikufika kipimo haikuhesabiwa. Ile dhuluma tunaisimulia mpaka leo kwa uchungu. Alafu binti tuliyemtoa Lushoto au Handeni kuja kufanya kazi za ndani anamaliza miezi anaambiwa subiri, mara tumekutunzia, mara umevunja sahani tunakata, akichoka anarudishwa kwao na nauli tu. Yakobo 5 anasema ule ujira uliozuiliwa unapiga kelele na kelele zimefika masikioni mwa Bwana. Katekisimu inaweka dhuluma kwa mfanyakazi kwenye dhambi zinazolia mbinguni, orodha moja na damu ya Abeli. Sasa mtu anaenda kitubio anaungama alikasirika na alikosa misa jumapili moja, na huyo binti hatajwi kabisa, kwa sababu hata hajui kama ile ni dhambi, anaona ni mambo ya nyumbani kwake tu.

Jina nalo linarudishwa, hili wengi hawalijui. Katekisimu inasema ukimkosea mtu kwenye ukweli au kwenye heshima yake wajibu wa kurekebisha unabaki hata kama umeshasamehewa. Kumzulia mtu uongo ni dhambi, na kutangaza kosa lake la kweli bila sababu ya maana nayo ni dhambi, ingawa ni jambo la kweli, hapo ndo tunapojiteteaga et mbona nimesema kweli. Kama ulirusha ile skrinshoti kwenye grupu la WhatsApp lenye watu mia mbili, unamwomba msamaha kwa siri inboksi inatosha? Mi naona haitoshi, uchafu ulimwagwa hadharani na usafi ufanyike hadharani, na kama ulizua uandike mle mle kwamba nilichosema juu ya fulani si kweli. Aibu unaipata ndio, lakini yule dada ambaye uchumba ulivunjika kwa ajili ya maneno yako yeye aibu ameibeba mpaka sasa.

Kwenye jumuiya yetu kuna mzee, zamani alikuwa dalali wa machungwa Muheza, anawabania wakulima bei anawadanganya soko limeshuka mjini. Alipostaafu akawa anapanda gari anarudi kule vijijini kuwatafuta mmoja mmoja. Wengine wameshakufa akawapa watoto wao, na hata Toma anasema hivyo hivyo, mwenye mali akifa unampa mrithi, asipojulikana kabisa baada ya kutafuta kweli kweli wape maskini. Mzee hajawahi kuyasoma hayo, dhamiri yake ilimtosha. Watoto wake walimkasirikia sana kwamba anamaliza akiba yake, yeye anawajibu hii si yangu nawarithishaje. Ningekuwa na uwezo huyo mzee ndo ningempa semina za vijana.

Najua kuna atakayeniuliza, asiye na kitu je? Kanisa halimkamui mtu damu. Ukiwa huna unaomba muda kwa uliyemkosea, unalipa kidogo kidogo, nia iwe ya kweli. Unaogopa kujulikana, mpe padri afikishe, jina lako halitoki maana siri ya kitubio haivunjwi kwa lolote. Kwahiyo njia zipo.

Kesi inayonisumbua mpaka leo ni ya baruti. Pwani yetu hii imepigwa mabomu na wavuvi miaka mingi sana, matumbawe yamesambaratika, samaki wazazi na vifaranga wamekufa pamoja, na baadhi ya waliofanya hivyo leo ni walokole wazuri na wakatoliki wazuri, wametubu kwa moyo kabisa. Wamrudishie nani sasa? Mvuvi wa mshipi ambaye hapati kitu siku hizi amedhulumiwa, mtoto wake kadhulumiwa, na mwamba mwenyewe unachukua miaka mingi mno kuota tena. Mi nilivyofikiri ni kwamba wale jamaa wana deni kwa kijiji kizima cha wavuvi, na wanaweza kulipa kwa mikono yao, waingie kwenye doria za kulinda bahari, wataje wanaouza baruti maana wanawafahamu, wawafundishe vijana mitego mingine. Nilimwambia mmoja hivyo pale Deep Sea tukiwa tunasubiri samaki, akaniambia kutaja wauza baruti ni kutafuta kuuawa. Sikuwa na jibu la haraka na sitamlaumu, lakini doria anaweza kwenda, na nimemwambia nitamuuliza tena.