Gita kavu: kumtafutia baba mkubwa efekti isiyomchanganya

Jumapili, mwanzo

Baba mkubwa ana miaka 77, tunaishi naye hapa Chang'ombe, Dodoma mjini, na miaka ya sabini alikuwa mpiga gita la ridhimu kwenye bendi za dansi, sio zile kubwa zilizokuwa zinarekodiwa Radio Tanzania, ni zile za kuzunguka Manyoni, Singida, Kondoa, wakati mwingine mpaka Morogoro, na Morogoro anasema ndo walikuwa wanatetemeka kupanda jukwaani maana ule mji ulikuwa wa Mbaraka Mwinshehe, watu wa pale masikio yao yalishazoea gita linalojua kazi. Hiyo stori alikuwa anaisimulia vizuri sana. Siku hizi haifikishi mwisho. Huu mwaka wa tatu ana dimensia, daktari alituambia ni Alzheimer, na mara nyingi ananiita kwa jina la marehemu baba yangu ambaye alikuwa mdogo wake. Mimi naitika tu.

Ila gita anapiga. Ukimwekea mapajani mkono wa kushoto unakwenda wenyewe, wa kulia unaanza kuchapa, wala hafikirii. Nilivyoelewa, Alzheimer inaanza kula sehemu ya ubongo inayotunza mambo mapya, nani kaja leo, chai nimekunywa au bado, lakini mazoea ya mikono yanakaa sehemu nyingine kabisa na yanachelewa kuguswa. Glen Campbell wa Marekani alitangaza 2011 kuwa ana Alzheimer, akaendelea kupiga ziara ya kuaga, maneno ya nyimbo anasomea kwenye skrini huku vidole vinapiga solo zake, mpaka ugonjwa ulipomzidi. Alifariki 2017.

Sasa tatizo lililoanzisha mradi huu ni neno moja. Nimemchomekea gita kwenye amplifaya yangu ndogo, anapiga dakika tano, anaacha, anasema "kavu hili". Mwanzoni nikadhani anaona kama hatujachomeka waya, nikaongeza sauti, akasema tena, "kavu". Siku nne mfululizo neno lilelile. Ndo nikakaa nikafikiria, amplifaya za bendi enzi zake zilikuwa na rivabu ya springi (mvumo kama wa ukumbini) na tremolo (sauti inayopanda na kushuka) humohumo ndani, wengine walikuwa na mashine za eko za tepu, kwa hiyo gita analolikumbuka sikioni halikuwa hivi, lilikuwa na maji maji, na hayo maji maji ndo efekti niliyoanza kumtafutia.

Jumanne

Nimeazima kanisani ile pedali kubwa, mashine ya kukanyaga kwa mguu ya kubadilisha sauti ya gita, yenye kila kitu ndani. Nilijua haitamfaa moja kwa moja, nilitaka tu nisikilize naye sauti mbalimbali bila kununua. Ilikuwa kosa kuiweka mbele yake. Ina skrini, ina namba, taa nyekundu na bluu, akawa anainama kuangalia taa badala ya kupiga, akakanyaga moja ikatoka ile distoshoni kali, sauti ya kukwaruza, akashtuka mwili mzima, akaliweka gita chini taratibu na kuniuliza, "mwenyewe yuko wapi?" Alikuwa na wasiwasi kwamba ameharibu kitu cha mtu. Mama mkubwa akamshika mkono wakatoka nje kukaa kwenye kivuli.

Kuanzia hapo nimejiwekea sharti, yeye asione kifaa chochote. Hakuna cha kukanyaga, hakuna taa, hakuna kuchagua. Mashine nazihangaikia mimi nyuma ya amplifaya, yeye abaki na gita lake na kile kidude cha sauti kilichopo kwenye gita, hicho anakijua toka ujana.

Alhamisi na Ijumaa

Nimeanza na eko, maana nilidhani ndo enzi zake hasa. Alipiga nyuzi mbili tatu akasimama. Anasikiliza. Akaanza tena, akasimama tena, kwa adabu kabisa, kama mtu anayempisha mwenzake aongee. Mara ya tatu akasema "nani huyo anapiga?" nikamwambia ni wewe baba mkubwa, akakataa, "huyu anachelewa, mwambie aangalie ngoma". Nikaelewa. Eko inarudisha alichopiga baada ya muda, na kwake kile kilichopita sekunde moja kimeshaondoka, kikirudi kinakuwa cha mtu mwingine, tena mtu anayechelewa, na kwa mpiga ridhimu hilo ni kosa kubwa kuliko yote. Nimeizima.

Korasi ilikuwa fundisho jingine. Kwangu mimi ile sauti ni tamu mno, kwake gita limeharibika tuning. Akaanza kuzungusha vifungio vya nyuzi, anasikiliza, anazungusha, karibu dakika ishirini, na kadiri anavyozungusha ndivyo linavyozidi kupotea. Ukifikiria ana haki kabisa, korasi inachukua sauti yako, inatengeneza nakala iliyochelewa kidogo na inayopanda na kushuka tuni, afu inazichanganya, kwa hiyo kutokupatana kidogo ndo kazi yake. Sikio la mzee ni zima, limesikia kilichopo. Nilipoizima akaliweka gita sawa mwenyewe kwa sikio, bila kipima tuni, na mimi nilipopima baadaye lilikuwa limekaa vizuri.

Asubuhi ya Ijumaa nikajaribu ovadraivu ya chini kabisa, sio ile ya Jumanne, ukwaruzo mdogo tu. Nilitegemea akatae. Akatabasamu akasema "ilimba". Akaacha dansi kabisa akaanza kudonoa kwa kidole gumba mtindo wa nyumbani kwao, kitu ambacho sijawahi kumsikia akipiga kwenye gita maisha yangu yote. Kama hujui, ilimba yetu ya Wagogo, ala ya vibao vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba, ile aliyoitangaza duniani marehemu Hukwe Zawose, ina kitundu kinachofunikwa na utando wa buibui ili sauti iwe na mngurumo wa nyuki, bila huo mngurumo wazee wanaona haijakamilika. Nilikuwa nimesimama mlangoni na soda mkononi nikashindwa kuinywa.

Tatizo la ovadraivu ni kwamba akiacha kupiga inabaki ile shhhh, na umeme wetu ukiwa na kelele inaongezeka mvumo, naye anaanza kutafuta hiyo kelele inatoka wapi, anaangalia mpaka chini ya kitanda. Kwa hiyo haitakaa imewashwa. Nitakuwa nampa mwenyewe nikiwepo.

Wiki ya pili

Nimeagiza tremolo Dar, Kariakoo, mzigo umekuja na basi, nafungua boksi nakuta mkono wa chuma wa kubonyezea daraja la gita. Yaani ile fimbo. Sio kosa la muuzaji peke yake, jina lenyewe limepinda toka zamani, Fender walipotoa Stratocaster 1954 waliiita ile fimbo tremolo wakati inachobadilisha ni tuni, afu kwenye amplifaya zao efekti ya kupandisha na kushusha ukubwa wa sauti, ambayo ndo tremolo yenyewe, wakaiandika vibrato. Toka siku hiyo watu wanachanganya. Ukiagiza sema "pedali ya tremolo, ya kukanyaga", utume na picha.

Pedali ilipofika nikaiua siku hiyohiyo. Umeme ulikuwa umekatika nikataka kutumia pawabenki, nikachukua ule waya wa kuwashia ruta ya intaneti unaopandisha volti 5 kuwa 9. Jeki inaingia vizuri kabisa, volti ni zilezile, ila wa ruta una chanya katikati na pedali nyingi za gita zinataka hasi katikati. Harufu tu. Nimeipeleka kwa fundi redio karibu na soko la Majengo, kakuta ile dayodi ya kulinda pedali umeme ukiingia kinyume imeungua ikawa shoti, kaweka mpya ya 1N4007, imepona. Kwa hiyo mtu yeyote anayefanya kitu kama hiki, angalia kile kimchoro cha duara kwenye adapta kabla hujachomeka, hata kama imeingia vizuri. Na pawabenki nyenyewe kwa tremolo haikufaa hata na waya sahihi, inakula umeme mdogo mno, pawabenki inadhani hakuna kitu kimechomekwa inajizima baada ya muda mfupi.

Tremolo aliipenda lakini kwa masharti. Nilipoiweka nzito akasema umeme unapungua, zima friji. Nikashusha kina mpaka robo, mwendo wa taratibu, hapo akaanza kupiga kwa kuufuata ule mwendo wenyewe, kichwa kinatikisika. Shida ni akibadilisha wimbo wa haraka, tremolo inabaki na mwendo wake, wanagombana.

Jumamosi

Leo rivabu. Nimepata Electro-Harmonix Holy Grail iliyotumika, niliitafuta hiyo kwa sababu ina kidude kimoja tu cha kuzungusha na swichi ndogo ya kuchagua aina, basi. Nimeweka springi, kidude chini ya nusu. Nimeificha nyuma ya amplifaya, taa nimeibandika tepu nyeusi.

Hakusema kitu. Alipiga kama dakika arobaini bila kuacha, vipande vya nyimbo kadhaa, vingine navijua vingine sivijui, mama mkubwa akatoka jikoni na mwiko mkononi akakaa kwenye kigoda. Kuna mahali aligeuka akaniambia, "mdogo wangu, solo ingia". Nikachukua gita langu nikaingia. Neno kavu halikutamkwa.

Tofauti na eko nadhani ni hii, rivabu fupi hairudishi alichopiga kama kitu cha pili, inalifanya gita liwe ndani ya ukumbi. Nilipojaribu kuipandisha ikawa kama kanisa tupu akaanza kupunguza mkono, kwa hiyo nimerudisha chini na kuweka tone la gundi ya moto lisizungushwe. Wajukuu wapo humu.

Jumatatu, waya

Hii sikuitegemea. Asubuhi nimemkuta baba mkubwa na fimbo mkononi, anaupiga waya wa gita. Waya mweusi umejikunja kwenye sakafu ya saruji nyeupe, kaona nyoka. Mtu mwenye dimensia macho yanaweza kuwa mazima na ubongo ukasoma vibaya kilichopo chini, na huku kwetu nyoka sio jambo la kufikirika tu. Tena hata bila nyoka waya ungemwangusha. Nimenunua mfupi wa mita tatu rangi ya krimu, unapita nyuma ya kiti umebanwa ukutani, unatokea pembeni ya kiti upande wa jeki tu. Adapta ya pedali na amplifaya vyote viko kwenye ekstensheni moja, mama mkubwa anabonyeza swichi moja ukutani, masta ya amplifaya, kile kidude cha sauti kuu, nimeifunga chini ya alama ya tatu ili isimshtue ikiwaka. Vumbi la hapa, hasa upepo wa mwezi wa saba na wa nane, linaingia kwenye jeki likaanza kukwaruza, kwa hiyo mama mkubwa kashona kifuniko cha kitenge, mbele wazi.

Muda nao tumeujua. Jioni kuanzia saa kumi na moja hivi anaanza kuhangaika, anataka kwenda nyumbani na yuko nyumbani. Zamani tulikuwa tunampa gita hapohapo akishaanza. Sasa mama mkubwa anawasha saa kumi, kabla. Siku nyingine inasaidia, siku nyingine analisukuma gita na tunaacha, hatumlazimishi.

Jana

Nimefika nikamsalimia "mbukwa, baba mkubwa", akaitikia Kigogo kirefu nusu sikukielewa. Umeme ukakatika katikati ya wimbo. Aliendelea kuchapa kidogo, akasimama, akaligeuza gita akaliangalia mgongoni, "limekauka". Tukasubiri kama robo saa mimi na yeye kimya, gita mapajani, mkono wake juu ya nyuzi. Umeme uliporudi hakuniangalia wala hakuuliza, alianzia palepale alipoishia.

Kesho nabadilisha nyuzi, naweka seti ya 009, nyembamba, vidole vinamuuma asubuhi.