Waamuzi watatu, rimiksi 14: nilichokikosa kwenye namba tisa

Jumatatu

Shindano letu la rimiksi za muziki wa gemu, yaani nyimbo za gemu zilizotengenezwa upya, limefungwa, zimeingia 14. Waamuzi tuko watatu, na kila mtu anasikiliza kivyake kabla hatujaonyeshana alama. Sheria kubwa tumeiazima kwa OverClocked ReMix, tovuti ya rimiksi za gemu iliyopo tangu 1999: wimbo wa asili wa gemu usikike, tena utawale, yaani uchukue zaidi ya nusu ya muda. Kwa hiyo uamuzi unaanzia kwenye hesabu. Unashika saa ya sekunde, ukisikia lahani ya asili unabonyeza, ikipotea unasimamisha.

Inachosha kuliko nilivyodhani. Leo nimemaliza nne tu. Mbili ni faili la MIDI (noti za wimbo ambazo kompyuta inazipiga yenyewe) la wimbo wa asili lililowekewa kiki, ile ngoma nzito ya mdundo, ya hausi chini yake, basi, kazi imeisha. Kwa saa ya sekunde ni asilimia mia. Kwangu ni hapana, maana mwenye kazi hajaongeza neno lake hata moja.

Jumatano

Nimefika namba nane, na tumebishana karibu saa nzima juu ya namba sita, ya gemu ya Commodore 64, kompyuta ya nyumbani ya miaka ya 1980. Chipu ya sauti ya mashine ile, SID, ina sauti tatu tu. Mtunzi wa enzi hizo akitaka kodi (nasema kodi za kinanda, noti kadhaa kwa pamoja, si za TRA) bila kuzimaliza sauti zote, aliipa sauti moja noti zote tatu izipige kwa kupokezana, haraka mno, mpaka sikio lisikie kodi inayotetemeka kama nyenje. Mshiriki wetu kaufuta mtetemo ule. Kodi zimetulia, kwenye sinthesaiza pana inayojaza chumba.

Mwenzangu anasema hapo asili imeshakufa, kodi hizo nne utazikuta kwenye nyimbo kibao za dansi. Mimi nasema mfuatano ni uleule, na mtetemo ulitokana na ufinyu wa chipu. Mtunzi yule angekuwa na sauti 8 za Super Nintendo, mashine ya gemu iliyokuja baadaye, huenda naye angezituliza. Hatukuelewana. Tukaamua kuhesabu nusu ya sekunde zile, jambo ambalo halimo kwenye sheria yoyote, na najua litakuja kutusumbua.

Ijumaa usiku

Namba tisa ni Tetris, ule muziki wa Game Boy (kigemu cha mkononi cha Nintendo) wa 1989, ambao wenyewe umetokana na wimbo wa zamani wa Kirusi, Korobeiniki. Utotoni matofali niliyapanga kwenye kigemu cha betri cha kuazima, chenye milio tu, kwa hiyo lahani hii nimeijua ukubwani. Nimeiandika kwenye daftari kwa sol-fa, mazoea ya kwaya:

m :t.d | r :d.t | l

Rimiksi ina dakika 4 na sekunde 12, kwa hiyo natafuta zaidi ya sekunde 126. Niliisikiliza kwa spika ya simu huku nakunja nguo. Nikapata 71. Nikaandika: "Kazi safi, ila katikati umeutupa wimbo wa asili dakika nzima. Hapana." Nikatuma kwenye kundi letu.

Dada yetu mwamuzi wa tatu hakuchelewa:

"Kaka, umesikilizia nini?"

"Simu."

"Haya. Vaa hedifoni, anzia 1:38."

Nikavaa. Kwenye 1:38 ngoma zinakatika, juu kunabaki kitu kama upepo wa usiku. Simu ilinipa huo upepo tu. Chini yake kuna besi inatembea, nzito, taratibu mno. Nikaanza kuifuata kwa kidole kwenye daftari: m, imekaa bari zima, mapigo manne. Halafu t na d, nusu bari kila moja. Halafu r. Ni lahani ileile imenyooshwa mara nne na kushushwa kule ambako kispika cha simu hakifiki. Inaendelea hivyo hadi 2:42. Sekunde 64. Ukijumlisha na zile 71 ni 135. Imepita.

Lakini kupita kwa saa si kutambulika. Mimi nilikuwa na sol-fa mbele yangu, nani mwingine atasikiliza hivyo? Nikamvalisha mdogo wangu hedifoni bila kumwambia kitu. Upepo, besi, kimya, uso mkavu kabisa. Ilipofika 2:42 na lahani kurudi juu kwa kasi yake, akacheka: "Kumbe ndiyo ilikuwa inakuja!" Yaani besi ilikuwa imeshamwandaa bila yeye kujua. Nimebadili kura, ndiyo.

Alama mbili bado nimempunguzia. Baada ya hapo kiki na besi zinagombania sehemu moja ya chini, na kila kiki inapopiga, kodi zote zinadidimia halafu zinaibuka, kama mtu anayezibwa mdomo. Si ule mdidimio wa makusudi wa nyimbo za dansi, maana hauendi na mdundo vizuri. Angeipunguza besi kidogo tu pangetulia.

Ile "hapana" yangu nimeifuta kwenye kundi, ingawa wote wameshaisoma.

Sasa kibarua kilichobaki: namba moja hadi nane nazo nilizisikilizia simu. Kesho naanza upya na hedifoni, hata zile mbili za MIDI.