Nauru: namba 2 ndiyo yenye vita

Nauru, nchi ya kisiwa kimoja katika Bahari ya Pasifiki, ina kilomita za mraba 21 tu na wabunge 19, lakini namna yao ya kuhesabu kura huikuti kwingine kwa urahisi. Sisi tuliozoea kutia tiki moja tungeshangaa: kule mpiga kura anampa kila mgombea namba, kuanzia 1 hadi wa mwisho. Ukiruka jina au ukirudia namba, kura yako imeharibika. Kupiga kura ni lazima kisheria, na umri ni miaka 20.

Majimbo ni 8. Ubenide hutoa wabunge 4, Meneng 3, na mengine 6 hutoa wawili wawili.

Namba 1 ni pointi 1, namba 2 nusu, namba 3 theluthi, namba 4 robo, na kuendelea hivyo. Pointi zote hujumlishwa kwa mkupuo mmoja. Hakuna duru ya pili. Utaratibu huu ulianza 1971 na unaitwa Dowdall, jina la ofisa wa sheria aliyeubuni.

Tuseme wapiga kura ni 60, wagombea watatu. A ana namba 1 mara 25, namba 2 mara 5, namba 3 mara 30: 25 + 2.5 + 10 = 37.5. B ana 20, 36 na 4: 20 + 18 + 1.33 = 39.33. B kaongoza ingawa A ndiye aliyependwa na wengi kwanza. Kwenye kisiwa ambako namba 1 aghalabu huenda kwa ndugu, kwa maoni yangu kampeni yenye akili ni ya kuomba namba 2. Kumshusha hasimu kutoka 9 hadi 10 kunampunguzia pointi 0.011 tu, yaani hasira za bure.

Rais hachaguliwi na wananchi. Wabunge, ambao wengi hawana chama, humchagua miongoni mwao, na humng'oa vilevile: Russ Kun aliondolewa Oktoba 2023 kwa kura ya kutokuwa na imani, akaingia David Adeang. Muhula wa bunge ni miaka 3.

Zamani viti vilikuwa 18, na hapo ndipo palipokuwa na tatizo. Mwaka 2010 bunge liligawanyika 9 kwa 9. Kila upande ulisita kutoa Spika, kwa kuwa anayekalia kiti hicho hapigi kura ila zikifungana. Uchaguzi ukarudiwa Juni, mkwamo ukabaki. Kiti cha 19 kiliongezwa Meneng kwa uchaguzi wa 2013.