Likizo ya Agosti: twapanda Wundanyi

Mwaka huu nilisema watoto wakifunga shule Agosti hatukai nyumbani, twapanda Wundanyi, kule milima ya Taita, tukaonje baridi, maana wazungu wakitaka joto waja Nyali hapa Mombasa, sasa sie tukitaka baridi twende wapi? Pesa ya kumlipa mtu atupangie safari sina, basi kila jioni niko barazani na simu na kahawa yangu, napanga mwenyewe, bure kabisa kasoro bando.

Kwanza nilifungua Google Sheets, jedwali la hesabu la mtandaoni, nikaishea na mke wangu na shemeji: nauli ya treni ya SGR mpaka Voi, matatu ya kupandia mlimani kupitia Mwatate, chakula, dharura. Shemeji kaingia usiku wa manane kaongeza safu yake, "vitafunio", elfu tano! Nikafuta, akarudisha, nikafuta tena, na hawezi kukataa maana historia ya faili yaonyesha nani kafanya nini saa ngapi.

Lakini kilichoniokoa ni ramani. Kuna gesti karibu niitumie diposti, picha zavutia wallahi, wameandika "dakika tano kwa miguu kutoka stendi". Nikaweka setilaiti ya Google Maps nikapima, kilomita saba na ushee, tena njia ya kona kona. Nikaachana nao. Ramani ya Taita yote nishaipakua kwa waifai, mtandao ukikata huko juu itafunguka tu.

Sasa zimebaki sweta, Jumamosi twaenda soko la Kongowea kuchambua mitumba. Nyanya yao keshasema yeye haji, baridi ya nini.